Jibu la Papa Ilunga

Mmeniomba niwaachie maelekezo ya mitambo kabla sijaondoka, mkaniletea hata daftari jipya. Nimeyaandika. Yamo katika kurasa tatu za kwanza, pamoja na ile swichi ya mkono wa kushoto ambayo lazima ibonyezwe mara mbili na isiulizwe kwa nini. Kurasa zilizobaki nimezitumia kwa jambo ambalo hamkuniomba. Vyeo sitavitaja, maana niliingia fundi wa sauti na natoka fundi wa sauti. Nataka kuwaeleza habari za kipindi cha besiboli, kwa sababu nasikia mnavyokisimulia pale jikoni mkicheka, na wengi wenu hamkuwepo.

Nilipanda ngazi za kituo hiki mara ya kwanza nikiwa na miaka hamsini na tano. Kabla ya hapo nilikuwa nimefanya kazi ya sauti Nairobi miaka kumi na mitatu, kisha nikaja Birmingham, nikaogesha na kulisha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee kwa miaka sita, kama nusu ya Wakenya wa mji huu. Hilo la wazee lishikeni, nitalirudia. Studio ilikuwa pale pale ilipo sasa, juu ya duka la nguo, Sparkhill, na Stratford Road ikiwa chini ya dirisha. Basi likisimama kituoni, meza ilikuwa inatetemeka na kipaza sauti kinanguruma. Aliyekuwepo kabla yangu alikuwa ameegemeza magodoro mawili dirishani, na moja lilikuwa la mtoto, lina picha za samaki. Nilitafuta la tatu. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya wiki ya kwanza, na mpaka leo naamini ndiyo iliyofanyika vizuri kuliko zote.

Jumamosi hiyo mchana akaingia mwanamume mrefu aliyevaa koti la suti na viatu vilivyong'arishwa, amebeba mfuko wa plastiki umejaa vipande vya mbao. Alikuwa Papa Ilunga, Mkongo wa Kalemie, mwenye kipindi. Papa ndivyo wanavyomwita mwanamume wa heshima huko kwao, na kituo kizima tulimwita hivyo, Wakenya, Watanzania na Wasomali. Hakuniuliza jina. Akapanga mbao zake mezani, akanipa mwiko wa kupikia ugali.

"Mama, piga hii. Sasa hii. Ile gani inalia kama mutu anapiga mupira mbali sana?"

Nikapiga zote. Nikamwambia hakuna hata moja, zote zinalia kama mtu anayebisha mlango. Akacheka sana. Jumamosi iliyofuata nilikuja na kipande cha mpini wa jembe nilichokipata kwa jirani mwenye kishamba cha mboga, nikakining'iniza kwa kamba ili kisiguse meza, nikakipiga kwa mwiko karibu na kipaza sauti. Papa Ilunga akafumba macho. "Voilà," akasema. "Ule mupira haurudi tena." Tangu siku ile jina langu likawa Mama Fundi.

Kwa ambao hamkukisikia, kipindi kilikuwa hivi. Alipokuwa kijana, Papa Ilunga alisoma shule ya misheni kwa mwalimu Mmarekani aliyekuwa na kanda za vipindi vya zamani vya michezo vya redio ya kwao. Ilikuwa besiboli, gumzo la besiboli na chemsha bongo. Mwalimu alipoondoka alimwachia kanda na sanduku la karatasi za matokeo, zile ambazo kila mpigaji ana mstari wake na alama zake. Kanda ziliharibika zamani, karatasi zikabaki. Basi kila Jumamosi Papa Ilunga alichukua karatasi moja ya mchezo uliochezwa kabla wengi wetu hatujazaliwa, akautangaza kwa Kiswahili kana kwamba anauona. Mrushaji anarusha, mpigaji anapiga kwa rungu, anakimbilia kituo cha kwanza. Mimi ndiye niliyetia sauti. Mpini ulikuwa rungu. Mpira ukidakwa, nilipiga ngumi mkoba wangu wa ngozi. Kelele za mashabiki nilizirekodi kwenye harusi ukumbini, kwa hiyo wachezaji wa Marekani walikuwa wakishangiliwa kwa vigelegele, na hakuna aliyelalamika.

Hatukumdanganya mtu. Kila kipindi alianza kwa maneno yale yale: "Mchezo huu ni wa zamani, makelele ni ya Mama Fundi, mengine yote ni ya kweli."

Mtauliza nani Birmingham alitaka kusikia besiboli kwa Kiswahili. Wengi. Mpira wa miguu ulikuwa unatugombanisha, kila mtu na timu yake ya Uingereza, mpaka simu za Jumapili ilibidi nizichuje. Besiboli haikuwa ya mtu. Mkenya, Mkongo na Mtanzania walijifunza pamoja kutoka sifuri, na mwalimu alikuwa mmoja. Halafu kulikuwa na zawadi. Aliyeshinda chemsha bongo alialikwa studio Jumamosi iliyofuata kuupiga ule mpini mara moja, hewani. Mara moja tu. Watu walivaa nguo za kanisani kwa ajili ya pigo moja. Alikuja bibi mmoja kutoka Leicester na wakwe zake.

Papa Ilunga ndiye aliyenifundisha kazi hii upya. Nairobi nilifundishwa kuondoa kelele. Yeye alinifundisha kwamba mtu akiwa peke yake chumbani anasikiliza zile pumzi kabla ya neno, na kwamba ukizisafisha zote unamnyang'anya mtangazaji nafsi. Alinikosoa mbele ya watu bila haya. "Umechelewa, Mama Fundi. Mupira umefika na rungu bado." Nami nikachukua, kwa sababu alikuwa na haki, na kwa sababu alikuwa amenizidi miaka kumi na minne. Mimi kumkosoa yeye halikuwa jambo la kufikiriwa. Mmelelewa na wazazi wa kwetu, mnajua ninachosema, hata nyinyi mnaojibu kwa Kiingereza.

Sasa nije penye uchungu. Ilikuwa msimu uliofuata ile kura ya Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, na kila msimu Papa Ilunga alifungua na swali rahisi kuliko yote, kama karibu kwa wageni: wapigaji wangapi wa timu wakitolewa ndipo timu hubadilishana zamu? Jibu ni watatu. Katika besiboli hilo ndilo jambo la kwanza unalojifunza, na kila msikilizaji wetu alilijua kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha.

Akapiga simu Mercy, muuguzi Mkenya aliyekuwa akiishi Selly Oak, msikilizaji wetu wa miaka.

"Watatu, Papa."

"Hapana, Mama," akasema Papa Ilunga kwa upole. "Ni wane."

Kwenye mashine yangu kuna kitufe chekundu. Ukikibonyeza, sauti yako inasikika masikioni mwa mtangazaji peke yake, hewani haifiki. Kimewekwa kwa ajili hiyo hiyo. Nilikuwa nimekiwekea kidole. Ingetosha kusema "watatu, Papa," sekunde moja, naye angecheka na kujisahihisha. Nikakitazama kidole changu. Nikaona aibu kwa niaba yake, nikasema moyoni ataona mwenyewe.

Nikamsikia Mercy akisema, "Aki pole, Papa, nimechanganya. Asante kwa kunifunza."

Simu iliyofuata ilikuwa ya baba mmoja Mtanzania wa Coventry. Akaanza na shikamoo, akauliza hali ya nyumbani, kisha akasema kwa sauti kavu kabisa, "Jibu ni wanne, Papa." Akashinda. Jumamosi iliyofuata akaja na tai shingoni, akapiga mpini, akashuka ngazi bila kunitazama usoni.

Tangu hapo mambo yakaenda hivyo. Nawaambieni jinsi yalivyokwenda kwa sababu ninyi mnasimulia kana kwamba mzee alikuwa kichekesho na sisi tulikuwa watazamaji. Sisi ndio tuliocheza. Wasikilizaji waligundua haraka kwamba anayejibu sawa anamfedhehesha mzee, na anayejibu alivyosema mzee anashinda. Wakaanza kupapasa. "Papa, hebu nikumbushe, wewe wiki jana ulisemaje?" Naye anasema, nao wanarudisha neno lile lile, na yeye anafurahi, "Sawasawa kabisa, Mama!" Nje ya kituo, kanisani, msikitini, kwa kinyozi, watu walikuwa wanaambizana: ukipiga simu, mwachie mzee. Walisema kwa nia njema. Mji mzima wa Waswahili, kutoka Sparkhill mpaka Winson Green, ulikubaliana kwamba katika besiboli wanatolewa wanne.

Na mimi nilifanya kubwa kuliko wote. Karatasi zilionyesha wapigaji watatu, yeye akatangaza na wa nne, akambunia jina na urefu na namna ya kusimama. Mtangazaji akisema mpira umepigwa, fundi lazima apige. Nikapiga. Msimu mzima nimempigia mpini mpigaji ambaye hakuwepo, na vigelegele nikamtilia.

Nilikwenda kwa meneja, msije mkasema sikwenda. Bwana Abdi, Msomali wa Garissa aliyepitia Uholanzi, mtu mpole, mnamkumbuka. Nilimwambia Papa anakosea sana siku hizi.

"Mama, hata mimi nimeskia," akasema. "Lakini listeners wanampenda. Nani amecomplain?"

"Hakuna."

"Sasa? Wewe unataka niende nimwambie mzee kama yule, eti wewe umekosea? Mama, siwezi. Ungekuwa wewe ungeweza?"

Nikasema singeweza. Tukanywa chai. Huo ndio ulikuwa mkutano.

Mercy alikuja mwenyewe baada ya miezi kadhaa, Jumatano mchana, bado amevaa sare za hospitali chini ya koti. Akakaa kwenye kiti cha wageni akakataa chai, na Mkenya akikataa chai ujue kuna jambo.

"Auntie, Papa ameonwa na daktari?"

"Kwa nini?"

"Auntie, usinifanyie hivyo. Si ulikuwa carer? Hii kitu naionanga kwa ward kila siku. Nilijua tu ile siku ya lile swali. Mtu hasahau kitu amefunza watu miaka kumi."

"Na mbona ulisema umechanganya?"

Machozi yakamlengalenga. "Ningesema nini? Ni mzee. Ilikuwa live. Nikafikiria lazima nyinyi wa huko ndani mmeshaongea na family."

Nami nilikuwa nimefikiri familia imeshaona. Binti wa Papa Ilunga, Béatrice, aliyekuwa akiishi naye Winson Green na kufanya kazi za zamu ghalani, alikuwa akifikiri ikiwa kuna neno redioni tungemwambia. Nilikuwa nakutana naye kila Jumamosi mlangoni chini akija kumchukua. "Papa iko muzuri leo?" ananiuliza. "Yuko vizuri kabisa, amewachekesha watu," namjibu. Siku moja aliniambia baba yake ameanza kuacha jiko limewaka. Nikamwambia hata mimi nasahau. Nilisema hivyo, mimi niliyekaa miaka sita na watu wenye ugonjwa ule ule wa kusahau, niliyewafunga vifungo vya mashati na kuwajibu swali moja mara ishirini kwa asubuhi moja. Kwa Waingereza niliona yote na kuandika kila kitu kwenye fomu. Kwa mzee wangu nikageuka kipofu, nikaita heshima. Baada ya Mercy kuondoka nilijiambia nitasema na Béatrice Jumamosi hiyo. Jumamosi hiyo kulikuwa na mvua, wakaondoka haraka. Jumamosi nyingine nikapata sababu nyingine. Sababu hazikosekani.

Mwisho hakuna aliyemwambia. Alijua mwenyewe. Mwaka uliofuata tuliamua kurudia vipindi vizuri wakati wa likizo ya kiangazi, na Papa Ilunga akataka kuvichagua yeye. Akaja siku ya wiki, asubuhi, na ilikuwa siku yake njema. Mliowahi kuishi na ugonjwa huu mnajua siku hizo, mtu anarudi mzima kama aliyekuwa safarini. Akakaa kwenye kiti chake ndani, akavaa vipokea sauti, akafungua sanduku la karatasi. Mimi nilikuwa upande wangu wa kioo. Nikaweka kipindi cha kwanza kilichokuja mkononi. Sikuangalia ni kipi.

Nilimwona anatabasamu aliposikia sauti yake. Kisha akachukua karatasi ya mchezo, akaanza kufuata kwa kalamu. Kalamu ikasimama. Akaniashiria nirudishe nyuma. Nikarudisha. Akanyanyua uso.

"Mama Fundi. Pale minasema wane."

Akaigonga karatasi kwa kalamu.

"Karatasi inasema tatu. Besiboli ni tatu. Mimi minajua ni tatu. Kwa nini hakuna mutu alipiga simu?"

Hapo hapo kwenye rekodi simu zikaanza. Wa kwanza, wanne. Wa pili, wanne, na pongezi. Wa tatu alikuwa mama aliyewahi kushinda mara mbili, na akasema, "Papa, mimi nasimama na wewe, ni wanne." Nilitaka kuzima. Mkono wake ukapanda: acha. Akasikiliza mpaka mwisho, akaomba kipindi kingine, na kingine. Tulikaa karibu saa mbili. Sauti za watu aliowafundisha kwa miaka zikapita moja moja masikioni mwake, zikimwambia uongo kwa adabu. Alipovua vipokea sauti alivikunja waya vizuri, kama kawaida yake, akaja upande wangu.

"Wote walijua?"

"Walijua, Papa."

"Na weye?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

Nikamwambia. Akahesabu miezi kwa vidole, akapotea katikati, akaanza tena. Nikaona anavyojikaza asilie mbele yangu, na mimi ndiye niliyelia. Hakunibembeleza, na sikustahili.

"Kwetu, mutu akikosea kwa redio, fundi anamwambia," akasema, akikionyesha kile kitufe chekundu. "Ile bouton iko pale ni ya nini?"

Akanitaka ahadi mbili. Ya kwanza, Jumamosi nimwache aende hewani asahihishe. Ya pili, tangu siku hiyo akikosea nimwambie hapo hapo, hata awe nani mbele yetu. Nikaahidi zote.

Jumamosi akaja na koti lile lile la suti. Hakutangaza mchezo. Alikuwa ameandika kila kitu kwa herufi kubwa ili asipotee, akasoma polepole. Kwamba katika besiboli wakitolewa watatu timu hubadilishana. Kwamba yeye alisema wanne, alikosea, na alikosea mengine pia. Kwamba anamwomba radhi dada Mercy wa Selly Oak, ambaye jibu lake lilikuwa la kweli, na kwamba yeye ndiye mshindi wa kipindi kile, aje apige mpini. Kisha akasema maneno ambayo hayakuwa kwenye karatasi: "Mimi ni mugonjwa kidogo wa kichwa. Mukinisikia nakosea, muniambie. Ni hii tu naomba. Sasa pigeni simu."

Simu zikawaka zote. Nikamfungulia wa kwanza, mwanamume Mkenya.

"Papa, wewe hujakosea kitu! Usijisumbue. Sisi tunakupenda hivyo hivyo."

Wa pili alikuwa mama wa Kikongo. "Papa, nani amekuambia uko mugonjwa? Uko muzima kabisa. Ni wane, tuendelee na wane!" Nikasikia watu wakicheka nyuma yake, kicheko cha upendo, na hicho ndicho kilichonichoma.

Wa tatu alikuwa yule baba wa Coventry. Shikamoo Papa. Hali ya nyumbani. Kisha: "Papa, kanuni huwa zinabadilika. Labda zamani walikuwa watatu."

Nikabonyeza kitufe chekundu, mara ya kwanza kwa jambo hili. "Ni watatu, Papa," nikasema. "Wewe ndiye uko sahihi. Endelea." Akaitikia kwa kichwa. Lakini simu zilikuwa zimejaa, na kila iliyofunguliwa ilikuwa ya mtu mwingine anayemfariji kwa uongo. Mercy alipiga pia, aliniambia baadaye, akakaa kwenye foleni bila kupata nafasi. Katikati ya simu ya sita Papa Ilunga alivua vipokea sauti, akaviweka mezani, akainuka akatoka. Nikaweka muziki. Bwana Abdi alikuwa mlangoni ameshika kichwa. Kipindi hakikurudi. Saa yake mnaijua, siku hizi ina utabiri wa matokeo ya ligi.

Daktari alimuuliza Béatrice dalili zimeanza lini, akasema miezi miwili mitatu, kwa sababu ndizo alizozijua. Ilikuwa imepita mwaka na zaidi. Daktari alisema mwaka ule wangeweza kuutumia: wangempangia mambo yake akiwa bado anachagua mwenyewe, nani amtunze, aandike nini, aende Kalemie mara ya mwisho akiwa anaijua njia ya nyumba yao. Béatrice alinieleza hayo pale pale mlangoni chini tulipokuwa tukisalimiana kila Jumamosi. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mama Fundi, ulikuwa unaniambia iko muzuri." Ningependa angenigombeza.

Nilikwenda kumwona mwezi uliopita, wiki niliyowaambia kwamba naacha kazi, nyumbani kwao Winson Green. Alikuwa amekaa sebuleni na sanduku la karatasi magotini. Alinijua, au alijua kwamba mimi ni mtu wa kazini. Béatrice akaleta chai, akamwambia imeshatiwa sukari. Akaichovya kidole, akaonja, ndipo akanywa. Béatrice akaniambia kwa sauti ya chini kwamba siku hizi ndivyo alivyo kwa kila kitu. Akiambiwa leo ni Alhamisi, anaomba gazeti. Akiambiwa mvua inanyesha, anakwenda dirishani.

Akanigeukia. "Wapigaji ngapi?" akauliza.

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo ndani ya basi, njia nzima. "Watatu, Papa."

"Mbele ulisema wane."

"Wakati ule nilikudanganya. Nisamehe. Ni watatu."

"Wote mulisema wane. Mara mingi sana, kila Jumamosi. Sasa weye unasema tatu." Hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza kama mtu anayetaka kweli kujua. "Mimi nitajua namna gani ni siku gani mulikuwa munasema kweli?"

Nikamwonyesha karatasi, mstari kwa mstari, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akafuata kidole changu, kisha akakiondoa kwa upole juu ya karatasi yake, akaikunja akairudisha sandukuni. Béatrice alikuwa amegeuka upande wa ukuta. Sikuwa na kingine cha kumpa. Nikasimama, nikavaa koti, nikamwambia nitarudi Jumamosi.

"Ile pia tutaona," akasema.